Taa ya Giaboksi na Waganga Wake

Mbukwenyi, ndugu zangu wa Dodoma. Leo tuiseme ile taa. Ipo kwenye dashibodi ya Prado na Land Cruiser nyingi za miaka ya 1990, imeandikwa A/T OIL TEMP, yaani oili ya giaboksi ya otomatiki imepata moto kupita kiasi, na haina adabu hata kidogo. Gari likiwa limepaki mbele ya gereji haiwaki. Inasubiri ufike katikati ya korongo la mchanga kule Bahi, saa nane mchana, umebeba wajomba watano wanaowahi mazishi, ndipo inafumbua jicho.

Ikishawaka, gari zima ni mafundi. Mjomba wa siti ya nyuma: "Zima, mwagia maji!" Wapi! Ukizima, pampu ya giaboksi inasimama, oili ya moto inabaki palepale inajichemkia. Weka P, zima kiyoyozi, acha injini iungurume taratibu ili oili izunguke ikapoe, mpaka taa izime yenyewe. Maji mnywesheni mjomba.

Na huko mchangani mwenye kosa ni mguu wa dereva. Kaweka D, kaacha H4 (magurudumu manne, mwendo wa juu), kakanyaga mafuta mpaka sakafuni, matairi yamezama hayasogei. Nguvu yote ya injini inaishia kwenye toki konveta, kile kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi, inakoroga oili kama ugali wa msibani, na nguvu isiyosukuma gari inageuka joto. Weka L4 (magurudumu manne, mwendo wa chini), gia kwenye 2 au L, shusha upepo wa matairi hadi psi 18, kisha kanyaga kwa staha. Ukitoka, jaza tena. Lakini mwambie mwenye gari la namna hii ashushe upepo uone. Utadhani umemtajia mahari.

Kesi yenyewe ni taa kuwaka kwenye lami, unaelekea Kibaigwa, tambarare, spidi 80, humvuti mtu wala trela. Hapo mganga wa kwanza, yaani fundi, atakwambia, "Bosi, hii giaboksi imeshakufa, ila kuna nyingine ya mtumba naijua." Hata boneti hajafungua!

Mwambie kwanza apime oili, tena aipime kwa kanuni yake. Gari limetembea kama nusu saa, limesimama pasipo mteremko, injini inaunguruma. Kanyaga breki, pitisha gia zote kutoka P mpaka L, rudi P. Chomoa kijiti, futa, rudisha, chomoa tena, usome kwenye alama za HOT. Wengi wanapima injini ikiwa imezimwa: oili ya kwenye konveta imeshashukia sampo, bakuli la chini ya giaboksi, kijiti kinadanganya kwamba imejaa, kumbe gari lina njaa. Na usiongeze kwa ukarimu, maana ikizidi inapigwa ikawa povu, na povu halipozi wala halishiki presha. Oili inayotakiwa mara nyingi imeandikwa kwenye kijiti chenyewe, Dexron II au III. Watu wanasoma maandishi ya khanga, kijiti hawasomi.

Tazama na rangi. Nyekundu, haya. Kahawia yenye harufu ya kuungua, pleti za klachi za ndani ya giaboksi zinateleza, na hapo mganga anaweza kuwa na hoja. Ikiwa pinki nzito kama mtindi wa dukani wenye stroberi, usiwashe tena, gari libebwe juu ya lori. Oili ya giaboksi inapozwa ndani ya tangi la chini la rejeta. Ukuta ukitoboka, maji yanaingia kwenye oili na kubandua gundi ya pleti.

Oili ikiwa safi na imetosha, hamia mbele. Vumbi letu la Dodoma na mbegu za nyasi vinajaza mapezi ya rejeta mpaka upepo unapita kwa kuomba ruhusa. Osha kutoka upande wa injini kwenda nje, kwa maji ya taratibu. Ile mashine ya kuoshea magari inalaza mapezi yote. Feni nayo: zima injini ikiwa ya moto, izungushe kwa mkono. Iwe nzito. Ikizunguka kama pangaboi la sebuleni, klachi yake imekwisha.

Kisha chukua kipimajoto cha kulenga, upime mabomba mawili ya oili yanayokwenda kwenye rejeta. Linalorudi liwe limepoa kuliko linaloingia. Yakilingana moto, rejeta haipozi kitu; moja likiunguza na la pili likawa karibu baridi, njia imeziba. Sampo ikisoma nyuzi 80 hadi 95 ni kawaida, ikipita 120 oili inazeeka ukiitazama. Ila usiende kuazima kile cha zahanati cha kwenye paji la uso. Kile mwisho wake ni 42 na ushee. Kitakwambia giaboksi ina malaria.

Sasa tuje kwenye lile linalouma. Ukiwa na spidi 80, O/D (gia ya juu kabisa) imewashwa, nyuma hakuna gari, gusa breki kidogo huku mguu mwingine uko kwenye mafuta. Mshale wa mizunguko ya injini uruke kama 200 mpaka 400, ndiyo loki ya konveta, ile inayofunga injini na giaboksi zizunguke pamoja bila kuteleza, imeachia. Usiporuka, loki haikufunga tangu asubuhi, konveta inateleza safari nzima, na joto lako ndilo hilo. Sababu? Swichi ya pedali ya breki imekwama. Zunguka nyuma utazame kama taa za breki zinawaka mchana kutwa. Au solenoidi, vali ya umeme inayoifunga loki: kwenye kisanduku cha uchunguzi unganisha matundu ya TE1 na E1, washa swichi bila kuwasha injini, hesabu taa ya O/D OFF inavyopepesa. Sita, kimya, nne: 64, solenoidi ya loki.

Au thamostati, vali inayozuia maji ya injini yasiende kwenye rejeta mpaka yapate moto! Kuna mafundi wanaing'oa kila gari linapochemka, wanaitupa, wanakwambia "hii ni ya nchi za baridi." Asubuhi ya Julai hapa injini haipati moto wa kutosha, na kompyuta haifungi loki mpaka maji ya injini yapate moto. Mtu kaponya injini kwa kuiua giaboksi, na ufundi ukalipiwa.

Basi inafungwa giaboksi ya mtumba, ndani ya gari la mtumba, kwenye rejeta ileile yenye tope la Bahi, na unga wa pleti za zamani umebaki kwenye mabomba kwa kuwa hakuna aliyeyasafisha. Jumatatu asubuhi gari linaelekea kazini Mtumba, kwenye Mji wa Serikali. Hata Ihumwa halijafika, jicho linafumbuka.