Sikuibiwa prosesa, nilikuwa nimeishika mkononi

Haya jamani, kwa kuwa mshikaji wangu kashaweka status video ya mimi nikibadilisha prosesa ya kompyuta na kuna watu mnanicheka tangu asubuhi, ngoja na mimi nieleze, maana ya kwake ina chumvi nyingi. Kwanza sikulia. Ni vumbi la feni liliniingia machoni.

Mnaijua ile kompyuta yangu ya kuhariri video za harusi. Ndani kulikuwa na prosesa (ubongo wa kompyuta) Ryzen 5 1600, ya 2017 hiyo, nikirenda, yaani kompyuta ikitengeneza video ya mwisho, send-off ya watu naenda kula, nakaa kijiweni, narudi, bado. Nikanunua Ryzen 5 5600. Mshikaji akaanza: "Oya, ya zamani kori 6 (vichwa vya kufanyia kazi), mpya kori 6, si unabadilisha elfu kumi kwa elfu kumi?" Nikampa darasa kwa mbwembwe zote, kwamba hii ya 2022 inafika kasi ya hadi 4.4 GHz wakati ile inaishia 3.6, tena kwa kila mzunguko inapiga kazi nyingi zaidi, zote zimeandikwa wati 65 kwa hiyo hata LUKU haishtuki, na zote zinakaa soketi ya AM4 (kiti cha prosesa), sinunui madabodi (bodi kuu ya kompyuta) wala RAM. BIOS, programu ya ndani ya madabodi, nilishaipandisha toleo mapema ili iitambue prosesa mpya. Msinione hivi, nilijipanga.

Sasa umeme ukakatika. Mafundi wote wanasema iwashe kwanza ipate moto pesti (ile krimu ya kupitisha joto) ilainike, halafu hitisinki (kile chuma cha kupoza prosesa) uizungushe kushoto kulia ndipo uinue. Mimi nikasema umeme wenyewe utarudi saa ngapi, bora hata hivi hakuna shoti.

Skrubu nne zikatoka vizuri tu. Nikavuta hitisinki. Haiji. Mshikaji ananimulika na tochi ya simu, kumbe anarekodi, mshenzi yule. Nikapanda goti kwenye kiti, nikavuta kwa nia. PWAA! Nikarudi kinyumenyume hadi ukutani, hitisinki mkononi, shujaa. Nikaibamiza mezani kwa raha zangu, nikachukua pamba na spiriti, nikainama nifute pesti kwenye prosesa.

Soketi tupu.

Tupu kabisa, matundu 1331 yananiangalia. Na kile kikono cha kufungia bado kimelala, kimefunga. Nikasema, "Prosesa iko wapi?" Mshikaji kimya. Nikaangalia chini ya meza. Nikainua mkeka. Nikamwambia atoe vitu vyote mfukoni, wallahi nilimwambia, na kwenye video inasikika vizuri kabisa, akatoa funguo na pipi. Nikaanza kuwaza kumbe niliuziwa kompyuta haina prosesa, na hapo nimeshaifanyia kazi miaka na miaka, wadau, mtu akishatoka jasho akili inakuwa nyingine. Ndipo akaniambia taratibu, kwa sauti ya kumpa mtu habari ya msiba, "Kaka, hebu inua hiyo hitisinki."

Nikainua. Bidada prosesa yuko pale chini, kaganda, pesti imekuwa saruji. Na kwa AM4 pini ziko kwenye prosesa yenyewe, kwa hiyo nilichobamiza mezani kwa raha zangu ndicho hicho, zimelala upande mmoja zote.

Na sijawaambia kwamba hiyo prosesa ya zamani ilishauzwa. Kuna dogo wa chuo alishanitumia advansi kwenye simu na kunishukuru "braza Mungu akuzidishie".

Basi, nikanyoosha kwa wembe, pini mbili zikabaki mezani, dogo nikamrudishia hela yake na nauli juu, 5600 ikaingia bila hata kukohoa. Send-off sasa nasubiri nimekaa hapo hapo. Kwenye gemu ndio hamna kilichobadilika, kadi yangu ya grafiki ni ile ile GTX 1050 Ti na yenyewe ndio ilikuwa inabana, kwa hiyo kama wewe ni wa gemu tu na kadi yako ni ya enzi hizo, hela peleka kwenye kadi, prosesa iache ipumzike.

Na wewe unayeniuliza inbox lini nahamia AM5, soketi mpya iliyofuata AM4: huko nanunua madabodi mpya na RAM mpya za aina ya DDR5, na pini wamezihamishia kwenye madabodi, yaani siku nikivuta vibaya naharibu kitu cha bei zaidi. Niacheni kwanza.