Bendera ya Ushirika

Baba yangu alikuwa karani wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa huko Kibosho, kwa hiyo mimi nimekulia chini ya bendera ya upinde wa mvua. Vijana wa leo huenda wasijue, lakini rangi zile saba zilikuwa bendera ya ushirika wa dunia nzima kuanzia mwaka 1925 hadi 2001, na ya kwetu ingali imekunjwa sandukuni pamoja na vitenge vya mama. Naeleza haya mapema ili msomaji asinihukumu kabla sijafika mlangoni.

Januari moja, mgeni niliyempandisha Kilimanjaro alinialika Berlin. Baridi ya Kibo naimudu, kwa kuwa mtu huteremka akaiacha huko huko juu. Ya Berlin haina mahali pa kuteremkia. Jioni moja, nikiwa natembea peke yangu bila kuhisi masikio, niliona jengo lenye neno sauna na juu ya mlango ile bendera ya baba. Sauna niliijua kutoka hoteli moja ya Moshi, ambako wageni waliotoka mlimani hukaa na nguo zao za kuogelea wakihesabiana malengelenge ya miguu. Nikajisemea kwamba wenzetu wameendelea, hata mvuke wameufanyia ushirika. Nikatoa kadi yangu ya SACCOS, ambayo mimi ndiye mweka hazina wake, nikauliza punguzo la wanachama. Kijana wa mapokezi aliitazama mbele na nyuma kwa heshima kubwa, akanirudishia, akapokea kiingilio kamili, kisha akanipa taulo moja na ufunguo wa kuvaa mkononi.

Chini kulikuwa na ujia wenye mwanga hafifu na vyumba vidogo pande zote mbili, mithili ya gesti, baadhi vimefungwa na vingine milango imeachwa wazi kidogo. Wanaume walipishana kimya, wakitazamana kwa nukta moja zaidi ya kawaida. Sasa, mtoto aliyelelewa Kibosho hapiti mlango ulio wazi, na mtu yumo ndani, bila kubisha. Nikabisha. "Hodi!" Hakuna aliyesema karibu. Nilidhani ni kiburi, nikaongeza sauti mlango wa pili. Katika wa tatu nilimkuta mzee mwenye mvi ameketi na taulo lake, nami nikainama, nikampa mikono miwili, nikamwambia shikamoo, kisha kwa Kijerumani changu cha mlimani nikamwuliza hali ya afya, ya nyumbani na ya wajukuu.

"Wajukuu?" akauliza mzee.

Chumba cha jirani mtu akaangua kicheko, akafuatiwa na mwingine, hadi ujia uliokuwa kimya kama chumba cha mtihani ukawa soko la Mbuyuni.

Mzee alinishika mkono akanipandisha baa, ambako taa zinawaka, na wale wale walioninyima salamu walikuwa wakinywa kahawa na kuzungumza bila kituo kuhusu kodi ya nyumba na magonjwa ya mama zao. Hapo ndipo aliponieleza kwamba bendera yao, iliyobuniwa na Gilbert Baker huko San Francisco mwaka 1978, ni ya wanaume wanaopenda wanaume wenzao na jamii yao yote. Kwamba kule chini mlango ulioachwa wazi umeshasema, na asiyetaka hutikisa kichwa tu, mwenzake akapita bila kinyongo. Ujanani mwake kifungu cha 175 cha sheria ya Ujerumani kiliwapeleka watu kama yeye jela, na hakikufutwa kabisa hadi 1994, hivyo walijifunza kusema kwa macho.

Niliona aibu, kwani nilipaswa kujua. Kwetu pia, ukimkuta mzee kwenye mbege unamsalimu hadi umalize ukoo wake. Ukimkuta anaoga mferejini unapita kama humwoni.

Niliporudi Moshi nilimsimulia baba, nikiwa tayari kwa lawama. Alisikiliza hadi mwisho, akafungua sanduku, akaitandaza bendera kitandani na kupitisha kidole rangi moja baada ya nyingine, taratibu, kama anayekagua daftari la mauzo.

"Saba," akasema. "Na ile ya kwao?"

"Sita, baba."

"Na wewe ndiye mnayempa fedha za SACCOS azihesabu?"