Joka Linafanya Nini Kwenye Sarafu Zenu?

Nimekuwa nikisoma hadithi za vijana wetu wa hapa Kisumu, zile za falme za kubuni, na nimeudhika. Si kwa lugha, maana wanaandika vizuri. Ni pesa. Kila ufalme una sarafu ya dhahabu yenye joka, joka lenyewe limelala pangoni tangu ukurasa wa kwanza, na hakuna anayeeleza kwa nini muuza samaki aipokee.

Jamani, picha ya mnyama haigeuzi chuma kuwa pesa. Sarafu zetu za mwaka 2018 zina twiga, kifaru, simba na ndovu, lakini mama anayepima omena kwa gorogoro pale sokoni Kibuye hana haja na simba. Anachukua shilingi 10 kwa sababu makanga wa matatu ataichukua jioni. Na babu zetu hawakuikimbilia rupia kwa uzuri wake. Mkoloni alitoza kodi kwa kila nyumba, akataka fedha taslimu, na mtu mwenye mtama ghalani akajikuta anatafuta kibarua. Basi joka nalo lidai kitu! Lizuie mto mpaka watu wahangaike kuitafuta sarafu yake.

Haya, Uskoti ya karne ya 15 ilikuwa na sarafu ya dhahabu iliyoitwa unicorn, yaani yule farasi wa kubuni mwenye pembe moja, aliyechorwa juu yake. Lakini ilikuwa dhahabu. Hata bila yule mnyama ingepokelewa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba tunaye Nyamgondho wa ngano za Kiluo. Mvuvi maskini wa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, wavu wake unanasa kikongwe, anampeleka nyumbani, na boma linajaa ng'ombe. Anatajirika, anaoa wake wengine, analewa, anamtukana bibi yule. Bibi anashika njia ya ziwani, na mifugo yote inamfuata hadi majini. Hebu ufanyeni huo uwe utaratibu wa fedha wa nchi nzima: mali inayomjua aliyeitoa, na ikisikia ametukanwa inaondoka, hata kama imeshabadilisha mikono mara tatu. Nani atakopesha? Mnunuzi atauliza kwanza habari za nyumbani kwa muuzaji, bei baadaye. Na baba aliyepokea ng'ombe hao kama mahari, akiamka akute zizi tupu, binti yake bado ni mke wa mtu?

Anzeni na huyo baba. Nataka kujua anakwenda kumdai nani.