Seva inasubiri, klayenti inasubiri, na mimi nimekaa katikati

Jamani nisikilizeni nyie maana nyumbani wameshanichoka, nikifungua mdomo tu kila mtu anakumbuka ana kazi jikoni. Mwalimu katupa zoezi, eti zoezi dogo, programu mbili kwa lugha ya C, moja seva nyingine klayenti, klayenti inatuma mstari mmoja wa maneno, seva inaugeuza uwe wa herufi kubwa inaurudisha, basi, kwisha habari. Kwa mdomo wake mwenyewe akasema jioni moja tu mtu umemaliza. Leo siku ya nne, na hizo jioni alizokuwa anazisema sijui ni za sayari gani.

Siku ya kwanza klayenti ikaniambia muunganisho umekataliwa. Sawa, mimi kukataliwa nimezoea, lakini hii ni kompyuta yangu, inajipigia yenyewe, 127.0.0.1, ile anwani ambayo kompyuta inajiita yenyewe tu, yaani najibishia hodi mlangoni kwangu halafu naambiwa sitakiwi! Naangalia seva, iko hai, inajitapa kabisa kwenye skrini "nasikiliza porti 5000", porti ni namba ya mlango programu inaposikilizia. Nikaiamini. Nikakaa masaa naichunguza klayenti kama mtu anayetafuta chawa, mpaka usiku wa manane nikapata akili ya kupiga netstat, amri ya kuonyesha nani kakaa porti gani, nakuta seva yangu imejikalia kwenye porti 34835. Elfu thelathini na nne! Nani kakutuma huko?

Kumbe kwenye seva nilisahau htons, ile amri ya kupanga baiti za namba ya porti. Kwa wale waliobarikiwa kutoijua hii shida, kompyuta yangu ikiandika namba inaanza na baiti ndogo, mtandao wenyewe unataka baiti kubwa itangulie, sasa 5000 ina baiti mbili, ukisahau kuzigeuza zinasomwa kinyumenyume na unapata hiyo 34835, ni kama umwelekeze mgeni chumba namba 25 yeye akaenda kugonga 52. Na yale maneno "nasikiliza porti 5000" niliyaandika mimi mwenyewe kwenye printf, amri ya kuandika kwenye skrini, kwa hiyo uongo nilijidanganya mwenyewe halafu nikaukubali. Kinachoniuma zaidi, ningesahau htons kote kote, kwenye seva na kwenye klayenti, zote mbili zingekutana huko huko 34835 na kazi ingekwenda vizuri kabisa, nisingejua chochote mpaka leo! Nimeadhibiwa kwa kupatia nusu.

Siku ya pili sitaki kuiongelea sana. Seva ikishaunganika na klayenti hata kidogo, ukiizima ukaiwasha tena inakuambia anwani inatumika tayari, inatumika na nani wakati nimeiua sasa hivi kwa mkono wangu? Eti muunganisho ukifa, upande uliofunga kwanza lazima uushikilie kwanza, kwenye Linux ni kama dakika moja hivi, ili pakiti zilizochelewa njiani zisije zikaingia kwa mtu mwingine. Mimi badala ya kusoma hayo nikawa nabadilisha porti, 5001, 5002, 5003, halafu nasahau kubadilisha kwenye klayenti, halafu nakumbuka, halafu nasahau kukompaili, yaani kuigeuza kodi upya iwe programu. Dawa ilikuwa mstari mmoja tu, SO_REUSEADDR, ruhusa ya kuitumia anwani hiyo tena. Mmoja!

Siku ya tatu ndiyo kisa chenyewe. Zikaunganika bila ugomvi wowote! Nikaruka kwenye kiti. Nikaandika "habari", nikabonyeza, kimya. Nikangoja. Kimya. Hakuna kosa hakuna onyo, programu mbili zinaangaliana tu kama watu wamekutana mlangoni kila mmoja anamwambia mwenzie pita wewe, hapana pita wewe, na mimi wa tatu nimeshika shavu. Bora hata ile ya kukataliwa, angalau nilijibiwa.

Sasa sikia. TCP, ile njia inayobeba maneno kati ya seva na klayenti, haijui sentensi yako inaanzia wapi inaishia wapi, yenyewe inamwaga baiti tu kama maji ya bomba, ukituma mara mbili zinaweza kufika kwa mkupuo mmoja, ukituma mara moja zinaweza kufika vipande vipande. Kwa hiyo seva niliiambia endelea kusoma mpaka uone alama ya mstari mpya ndiyo ujibu, wazo zuri tu, nilijipongeza. Halafu kule kwenye klayenti, kwa usafi wangu ule, nilikuwa nimeikata alama hiyo hiyo kabla ya kutuma, maana niliona inachafua skrini! Seva inangoja mstari uishe, klayenti inangoja jibu, na zote mbili zinanitii mimi.

Nikakasirika nikaiua klayenti. Hapo seva ikazinduka, feni ya kompyuta ikaanza kuvuma kama inataka kupaa, skrini ikajaa "nimepokea baiti 0, nimepokea baiti 0" haina mwisho. Recv, ile amri ya kupokea, ikirudisha sifuri maana yake mwenzako kashakata simu, toka, nenda kalale, lakini mimi kwenye lupu yangu sikuweka sehemu ya kutokea, maskini inazunguka humo inauliza mtu ambaye hayupo.

Basi nikarudisha ile alama, nikaweka ukaguzi wa sifuri, na jana usiku nikaandika "habari" ikarudi "HABARI". Niliiangalia ile herufi H kama mtoto mchanga. Nikatuma neno la pili, la tatu, nikatuma mpaka jina langu, nikalala na tabasamu.

Asubuhi hii mwenzangu tuliyepangiwa naye zoezi, ambaye siku zote nne mchango wake ulikuwa "umejaribu kuweka printf?", kaamka kajaribu klayenti kutoka kwenye kompyuta yake. Kakataliwa. Tunaonyesha darasani mchana, kwa kompyuta mbili. Akaniandikia taratibu tu, "ndugu, seva umeiweka isikilize kwenye anwani gani?" Nikamjibu kwa kujiamini, 127.0.0.1, si ndiyo hiyo imefanya kazi?

Amenijibu kwa herufi kubwa tupu, ujumbe mzima, na seva wala haikuhusika.