Zakat: kutuma ni rahisi, kazi ni kuhesabu

Huku Uingereza, Ramadhani ikikaribia simu haitulii. Kila shirika la misaada linakuletea kikokotoo chake: andika akiba ya benki, dhahabu, mali ya biashara, toa madeni, na asilimia 2.5 yako hiyo hapo. Bonyeza, umelipa. Ukiwa mlipa kodi, serikali inaliongezea shirika pensi 25 kwa kila pauni kupitia Gift Aid.

Ndugu zangu wa Kampala wanadhani urahisi huo ndio unaotufanya tutoe. Mimi sikubali. Uganda pesa zinatumwa kwa simu tangu 2009, na mwenye duka la jumla Kikuubo, mtaa wa biashara wa Kampala, anamlipa mletaji mzigo mamilioni kabla chai haijapoa. Kutuma hakumshindi. Kinachomshinda ni kuketi ahesabu bidhaa mwaka wa Hijria ukitimia. Si bahili: sukari ya futari anatoa, karo ya yatima anatoa, mabati ya msikiti ndiye yeye. Muulize zakat, atakwambia, "Mbona nimeshatoa!" Hiyo ni sadaka, Mungu amlipe. Zakat ina nisabu, yaani kiwango cha chini cha mali kinachoiwajibisha, thamani ya gramu 85 za dhahabu, na ina hesabu yake. Kikokotoo kinakusukuma kwa sababu kinakutajia deni lako kwa tarakimu. Ukishaliona, usingizi haukai vizuri.

Upande wa kumfikia mstahiki, nyumbani wanatushinda mbali. Huku napewa picha ya mtoto na kisima. Kule imamu wa mtaa anajua nani ameelemewa na madeni na nani anajifanya. Ndiyo maana wengi wetu tunapeleka nyumbani, ingawa wapo wanaoshika hadithi ya sahaba Muadh alipotumwa na Mtume Yemen, kwamba zakat irudi kwa maskini wa pale pale ilipotoka. Ila tusidanganyane: pesa za matumizi ya mama kila mwezi si zakat, kumlisha ni wajibu wako. Na ukimtumia mjane kwa simu, ongeza na gharama ya kuzitoa pesa. Kuna ada ya wakala na kodi ya asilimia 0.5, naye anastahili haki yake kamili mkononi.

Kwa hiyo vijana wa programu mlioko Kampala, kitufe kingine cha kulipia hatukihitaji. Tutengenezeeni daftari la bidhaa, kwa Kiswahili na Kiganda, limkumbushe mwenye duka tarehe yake ikifika.