Aliyefuta ni "Wewe"

Mwaka jana niliitwa kwenye ofisi ya asasi moja mjini Morogoro. Folda ya ripoti za wafadhili ilikuwa imepotea kwenye Google Drive, hifadhi ya mafaili ya mtandaoni, na ripoti ya robo mwaka ilitakiwa Ijumaa. Wafanyakazi tisa walikuwa wakitumia akaunti moja. Nywila ilikuwa kwenye karatasi ya manjano chini ya kibodi ya mapokezi: jina la asasi, mwaka iliposajiliwa, alama ya mshangao.

Folda yenyewe niliikuta kwenye tupio. Drive hutunza vilivyofutwa kwa siku 30, na hii ilikuwa siku ya kumi na moja. Kazi ingeishia hapo, ila mkurugenzi alitaka kujua nani kafuta. Nikafungua orodha ya shughuli. Aliyefuta, kwa mujibu wa orodha ile, ni "wewe", yaani akaunti ileile iliyofunguliwa. Mhasibu akasogea kusoma: "wewe". Mkurugenzi akavaa miwani, akainama mwenyewe: "wewe".

Kumbe kabla sijafika walishampata mkosaji. Kijana wa chuo aliyekuja kwa mafunzo kwa vitendo, mgeni kuliko wote pale ndani. Alikaa karibu na dirisha, mikono kaipakata mapajani, kimya. Hakuna aliyemwona akifuta, na yeye hakuwa na namna ya kuonyesha kwamba hakufuta.

Tangu siku ile sina subira na msemo kwamba kutumiana nywila ni kuaminiana. Nimeusikia kwenye shule, zahanati, vyama vya akiba na mikopo, tena kwa watu wema kabisa: "Sisi hapa ni familia, bwana." Sawa, lakini familia hiyo likitokea jambo inamgeukia mdogo wake. Akaunti ya mtu mmoja mmoja inamlinda mfanyakazi kabla hata haijailinda ofisi. Jina lake likiwa kwenye kumbukumbu, alichofanya kinaonekana, na asichofanya pia.

Wengi wanaogopa gharama, na hoja hiyo naiheshimu. Huduma hizi hutozwa kwa kila akaunti kwa mwezi, na kwa duka la watu watatu hilo linauma. Lakini asasi zisizo za kiserikali zikithibitishwa hupewa Google Workspace, yaani barua pepe, Drive na huduma nyingine za ofisi, bure, na wengi hawajawahi hata kuomba. Pale Morogoro tuliomba, na ilipokubaliwa nilirudi tukapanga upya kila kitu kwa mchana mmoja.

Mamlaka ya juu kabisa, ya kusimamia akaunti zote, tuliwapa watu wawili, mkurugenzi na karani. Mmoja peke yake akipoteza simu, ofisi nzima inafungiwa nje. Wote kuwa nayo ni kurudi kulekule. Na hao wawili wana akaunti nyingine za kazi za kila siku, ile kubwa wanaifungua kwa shughuli maalumu tu. Waliobaki walipata wanachohitaji: mhasibu folda za fedha, maofisa wa miradi folda za miradi, mwanafunzi yeyote atakayekuja kwa mafunzo kusoma bila kufuta. Mafaili tukayaweka kwenye hifadhi ya pamoja ili yabaki mali ya asasi hata mtu akiondoka.

Kilichotuchukua muda ni hatua ya pili ya kuingia, ile ya kujithibitisha kwa namba baada ya nywila. Zamani namba za uthibitisho zilikuja kwa ujumbe kwenye simu ya mhasibu. Aliposafiri kwenda msibani Mahenge, mtandao ukawa wa kubahatisha, na ofisi ikakaa siku mbili ikimpigia. Mtu mzima yuko matangani anaombwa asome tarakimu sita! Zaidi ya hapo, laini ya simu inaweza kusajiliwa upya na tapeli, na namba zikamfuata huko. Kwa hiyo kila mmoja aliweka programu ya uthibitisho kwenye simu yake. Hiyo hutoa namba mpya kila sekunde 30 na haihitaji mtandao wala salio. Kisha kila mtu akachapisha namba zake kumi za akiba, zile zinazotumika mara moja moja, tukazifunga kwenye bahasha na kuziweka kwenye kasiki pamoja na fedha ndogo ndogo za ofisi.

Niliwasihi jambo moja zaidi: mtu akiacha kazi, akaunti yake isimamishwe siku hiyohiyo. Mwaka 2021 kampuni ya Colonial Pipeline ya Marekani ilifunga bomba lake la mafuta baada ya wadukuzi kuingia kwa akaunti ya zamani ambayo haikuwa na hatua ya pili, na ikawalipa wadukuzi hao dola milioni 4.4. Bomba zima, kwa mlango ambao hakuna aliyekumbuka kuufunga. Asasi ile haina bomba, ina majina ya watoto, magonjwa yao na namba za simu za walezi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika Tanzania tangu Mei 2023, na mzazi wa mtoto yeyote kati ya hao ana haki ya kuuliza ni nani anayefungua faili la mwanawe. Zamani jibu lingekuwa "wewe".

Jioni ile, nilipokuwa naondoa akaunti ya zamani kwenye vifaa vyote, tulifika kwenye kompyuta ya nyumbani ya mhasibu. Drive ilikuwa imeunganishwa humo. Akanyamaza, kisha akasema kwamba kompyuta hiyo ilipojaa alifuta mafolda makubwa kupata nafasi, akidhani yanafutika kwake tu. Alianza kulia. Hakuwa na nia mbaya hata chembe, na alikuwa amekaa kwenye kile kikao cha kumhoji kijana bila kujua.

Kijana alishamaliza mafunzo, na fomu yake ya tathmini ilishapelekwa chuoni. Mhasibu ndiye aliyeomba iandikwe barua ya kuisahihisha. Mkurugenzi aliiandika palepale, wakasaini wote wawili, nami nikaichukua kwenda kuiposti.