Mama Mkwe, Pantoni na Choki ya Moto

Kwa nini sikupita darajani? Swali hilo nimeulizwa na ukoo mzima wa mke wangu, wakiwemo watu ambao kabla ya hapo hata salamu yangu hawakuwa wanaiitikia. Ni kweli Daraja la Nyerere la kwenda Kigamboni, hapa Dar es Salaam, lipo tangu 2016, mita 680 za lami, hakuna wimbi hakuna foleni ya pantoni. Lakini mama mkwe alikuwa ameshuka boti ya Unguja pale bandarini, harusi iko Kigamboni, na pantoni ya Magogoni iko puani. Tena mwenyewe ndiye aliyesema, "Mkwe wangu, tupite baharini nizidi kupata upepo."

Upepo aliupata.

Gari langu ni Corolla ya 1982, ile ya kabureta na gia za mkono, yenye choki, kile kishikio cha kuvuta chini ya dashibodi ili injini baridi iwake. Nililinunua kwa mzee mmoja mstaafu ambaye siku ya kuagana nalo alilipapasa boneti na kuniomba nisilitese. Hakunieleza kwamba lenyewe ndilo lingenitesa. Likishawaka halina neno, linapanda mlima bila kulalamika. Kazi iko kwenye kuwaka. Taa kali, honi inatisha ng'ombe, redio inaimba, lakini ukizungusha ufunguo stata inasema "tak" na kunyamaza. Siku ikiwa na huruma inazunguka kivivu, ngwiii… ngwiii… mpaka wewe dereva ndiye unayeishiwa nguvu.

Mafundi walilifaidi. Mmoja alisema ni plagi, tukanunua plagi. Aliyemfuata alicheka sana kuziona zile plagi, akasema tatizo ni koili. Mwingine alijilaza chini ya gari, akaigonga stata kwa kipande cha nondo, gari likawaka, akatoka huko chini kajaa oili na tabasamu la bwana harusi. Ile nondo akanikabidhi niwe natembea nayo kwenye buti, na akaihesabu kwenye bili. Betri ilikuwa mpya kabisa, ukiipima inasoma volti 12.6 kama inavyotakiwa. Na bado, tak.

Sasa, kwenye pantoni ukishapanga gari unazima injini. Nilizima huku midomo ikitembea kwa dua. Mama mkwe alikaa kiti cha nyuma na kikapu chake cha halua, akisifia bahari kana kwamba hakuwa ametoka kuivuka muda si mrefu.

Tulipotia nanga Kigamboni, nikavuta choki, nikakanyaga mafuta kidogo, nikazungusha ufunguo. Ngwiii. Nikarudia. Tak.

"Mkwe, kuna kitu kinaungua."

"Hapana mama, ni harufu za feri hizo. Samaki."

"Samaki wa plastiki?"

Nikashika choki kuirudisha, nikaiachia kwa ukelele. Ya moto! Kidude cha kubana hewa ya injini tu, hakina hata waya wa umeme, kinachoma vidole. Nyuma yangu Fuso iliyobeba saruji ikaanza honi, na nyuma ya Fuso, wananchi.

Nchi hii ukitaka kujua ina mafundi wangapi, liharibikie gari lako mahali penye foleni. Kijana wa bodaboda akasema mafuta yamezidi, nisikanyage. Muuza karanga akasema mafuta hayafiki, nikanyage. Konda mmoja akasema gari zee hili, lisukumwe. Hapo wote wakakubaliana. Tatizo ni kwamba mbele yetu kulikuwa na mlima wa kutokea kivukoni, na kusukuma gari mlimani ukitarajia liwake ni kazi ya punda. Akatokea mtaalamu akashauri tusukume kinyumenyume, kwamba hata gia ya rivasi inawasha. Ni kweli inawasha. Ila nyuma kulikuwa na Fuso, na baada ya Fuso, Bahari ya Hindi.

"Mama ashuke, gari liwe jepesi!" wakaamuru. Mama mkwe, kilo zake hazifiki hamsini pamoja na buibui, akashuka kwa heshima na kusimama pembeni.

Wakalisukuma mpaka juu, jasho na matusi, kukawa tambarare. Nikaweka gia ya pili, nikakanyaga klachi, mwendo ulipokolea nikaiachia. Gari likaruka, likakohoa, likanguruma! Kelele za shangwe. "Usizime! Usisimame! Twende, twende!" Nami nikaenda. Nilipita bajaji, nikapita wauza maembe, furaha imenijaa, hadi nilipogeuka nimwambie mama kwamba tumeokoka. Kwenye kiti kulikuwa na kikapu.

Nikampigia simu. Kikapu kikaita.

Nikageuza gari, nikasimama pale juu ya mlima wa kivukoni injini ikinguruma, nimekanyaga breki na sithubutu kutoka. Kule chini pantoni ilikuwa inaondoka. Mkondo wa abiria walioingia ulikuwa umemkumba mama pale pembeni na kumrudisha ndani. Kibuibui cheusi kinarejea Magogoni, mkono mmoja umeinuliwa. Sikujua kama ananipungia au ananilaani.

Wakati wa kumsubiri ndipo akaja mzee mmoja anayetengeneza mashine za boti. Nikamwambia habari ya choki ya moto, akacheka, akaniambia zima. Nilizima kwa uchungu. Akaazima waya wa kushtulia betri kwa dereva wa bajaji, akabana upande mmoja kwenye hasi ya betri, upande wa pili kwenye chuma cha injini. "Washa." Stata ikazunguka kwa nguvu ambazo sijawahi kuzisikia, gari likawaka pale pale.

Kumbe ni waya wa ethi, ule unaounganisha betri na injini. Chumvi ya pwani ilikuwa imeula ndani kwa ndani, juu mzima, ndani unga wa kijani. Taa na honi ethi yake ni bodi, nazo zinakula ampea chache. Stata inataka zaidi ya mia, na umeme wake ukikosa njia unapita popote penye chuma, ukiwemo waya wa choki. Ndiyo maana nilikuwa nikiungua.

Pantoni ilipotia nanga tena, mama mkwe alitoka wa kwanza. Hakugomba. Alipanda gari, akafungua kikapu, akahesabu vifurushi vya halua kimoja kimoja. Kisha akanyoosha kiganja mbele, katikati ya viti.

"Kule ng'ambo wamenishusha, nikalipa nauli upya. Mia mbili yangu, mkwe."